Kasa aliyemeza ndoano
Makala niliyoyasoma yanasifu upasuaji wa kumtoa kasa ndoano aliyoimeza, lakini yamepita haraka mno juu ya nusukaputi, ilhali hapo ndipo penye kazi. Kasa anaweza kuzuia pumzi kwa muda mrefu, hivyo kumlaza kwa gesi ya kuvuta pekee hakutegemeki. Kwa kawaida daktari huanza na sindano, kisha humwingizia mpira kooni na kumpumulisha, naye huzinduka polepole, hasa mwili ukiwa na baridi. Wavuvi nao (nadhani wengi hawajaambiwa) wasiuvute mshipi unaoning'inia mdomoni, kwa sababu umio wa kasa una miiba inayoelekea tumboni na utumbo huweza kuchanika. Waukate, waache kipande kinachoonekana, kisha wamfikishe kwa wataalamu.