Maharage ya Mjomba kwenye Mita 4,700

Mjomba wangu ni mpishi wa shughuli, Tanga nzima inamjua. Amepika maharage ya harusi, ya hitima, na ya mikutano ya kampeni iliyokosa wasikilizaji lakini haikukosa walaji. Basi ukoo ulipokubaliana kupanda Kilimanjaro mwezi Desemba, msimu wa sikukuu ya Uhuru ambapo Watanzania wengi hujitosa mlimani, yeye hakuuliza habari za viatu wala makoti. Aliuliza, "Kule juu nani anapika?"

Akaambiwa kuna mpishi. Akacheka peke yake kwa muda mrefu. Siku ya safari akatokea na mfuko wa maharage mekundu, kilo tatu, ameukumbatia.

Mpishi wa mlimani, kijana mpole, alimwamkia kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Haya tungeyachemsha huku huku chini kwanza. Juu hayaivi."

"Marahaba. Kijana, umeoa?"

"Bado, mzee."

"Basi."

Mjadala ukafungwa. Kulikuwa na sufuria ya presha kwenye vyombo vya msafara, lakini mizigo hupimwa getini, na mpagazi mmoja mwisho wake kilo 20. Kilo tatu zilizozidi zilibidi zifidiwe kwa kuacha kitu kingine. Kikaachwa kile chombo kimoja ambacho kingetuokoa, maharage yakapanda.

Siku ya kwanza ni msitu mtupu na mbega juu ya miti. Mvua ilitunyea mpaka kituo cha Mandara, mita 2,700, na mjomba akalalamika kwamba amekimbia mvua ya Tanga, nayo imemfuata. Hakuwa mbali na ukweli. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huja na mvuke wake. Ukikutana na mlima hauna njia ila kupanda, na hewa ikipanda hutanuka, ikitanuka hupoa, mvuke unageuka mawingu, mawingu yanamwaga karibu kila kitu pale pale msituni. Huko juu zaidi yanafika makombo. Ndiyo maana mlima mmoja una migomba na kahawa miguuni, msitu kiunoni, jangwa kifuani na barafu kichwani, na mtu anaweza kuyapita yote kwa siku chache bila kuvuka mpaka wa nchi. Joto nalo hushuka kiasi cha nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mjomba alipima kwa njia yake: kila kituo aliongeza nguo moja, na hakuvua hata moja mpaka tuliporudi getini.

Horombo, mita 3,720, msitu umeshaisha. Huko kuna senesio, mti mnene usiokubali kuachia majani yake makavu. Huyabakiza yaufunike mwili, shina lisigande usiku. Na kuna lobelia, ambayo jua likizama hukunja majani yake kuelekea ndani kulinda kichipukizi. Kiongozi wetu alimweleza mjomba haya yote kwa kirefu. Mjomba akasikiliza, akaitazama lobelia, akasema, "Hata mti umejifunika. Halafu mnataka mimi nikaoge." Hakuoga tena mpaka Moshi.

Hapo Horombo huwa kuna siku ya kuzoea hewa. Wengine tulipelekwa kutembea mpaka kwenye Miamba ya Pundamilia na kurudi. Mjomba alikataa. Siku ile ilikuwa ya maharage, aliyaloweka tangu usiku. Akaomba jiko la gesi na sufuria, akakalia ndoo, akasema tukirudi tutakuta chakula.

Tulirudi tukakuta mvuke. Jiko zima limejaa mvuke, sufuria inatokota kwa fujo, kifuniko kinacheza. Mjomba akachota, akapuliza, akatia punje moja mdomoni. Tulisikia sote: kwa!

"Bado kidogo," akasema.

Akaongeza moto. Baada ya saa nzima akaonja tena. Kwa! Mpishi alikuwa amesimama pembeni akiutazama mtungi wake wa gesi unavyoteketea, hasemi kitu. Kijana asiyeoa hana la kusema.

Hapa niwaeleze jambo ambalo mjomba amekataa kuelezwa mpaka leo. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kusukumana na hewa iliyoyakalia juu. Pwani hewa yote ya angani inakukandamiza, kwa hiyo maji hayatoki mpaka yafike nyuzi 100. Ukipanda, sehemu ya hewa unaiacha chini yako, iliyobaki juu ni nyepesi, na maji yanachemka mapema: kila mita 300 hivi yanapoteza nyuzi moja. Horombo yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi. Juu ya Everest ni kama 70. Na moto uongeze uwezavyo, maji yatapungua sufuriani tu, hayatapata joto zaidi. Kuchemka kule si kuiva. Sufuria ya presha hapo ndipo inaposaidia, huufungia mvuke ndani uwe badala ya hewa iliyokosekana. Yetu ilikuwa getini.

Jioni mjomba akatoa hukumu. Aliigonga sufuria kwa mwiko, akasikiliza mlio, akatikisa kichwa. "Sufuria hii mbovu."

Msimcheke. Mwaka 1835 Charles Darwin alikuwa akivuka milima ya Andes, wakapiga kambi juu, wakachemsha viazi. Sufuria ikakaa motoni usiku kucha, asubuhi wakaichemsha tena, viazi vigumu vile vile. Darwin akawasikia wenzake wawili wakijadiliana, nao wakafikia uamuzi kwamba sufuria ile, ambayo ilikuwa mpya, imelaaniwa na haitaki tu kupika viazi. Kwa hiyo mjomba ana wenzake katika historia ya sayansi, ingawa upande wa pili wa jiko.

Chakula kikapakuliwa. Kwetu chakula alichopika mkubwa kwa mkono wake hakirudishwi, na mkubwa mwenyewe alikuwa amekaa mbele yetu anahesabu vijiko. Tukala. Ilikuwa kazi ya meno. Nazi alikuwa ameileta kutoka nyumbani, nayo ilikuwa tamu kweli, haki yake tumpe. Lakini maharage mekundu yasipoiva yana namna yake ya kulichafua tumbo, na binamu yangu ambaye ni muuguzi alikuwa akitafuna huku ameniangalia kwa macho ya mtu anayeaga. Mjomba alirudia mara tatu. Lazima mpishi aonyeshe mfano.

Kesho yake tukavuka jangwa lililo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, mawe na vumbi, mvua hadimu. Karibu na kambi ya Kibo nilifungua begi langu nikakuta pakiti za krispi zimevimba, zimekaza, herufi zimetanuka. Kule ni karibu mita 4,700, na mgandamizo wa hewa haufiki asilimia 60 ya ule wa pwani. Hewa iliyofungiwa Tanga ikifika pale inataka nafasi ya zaidi ya mara moja na nusu ya ile iliyozoea. Pakiti inavimba. Chupa ya mafuta ya nywele inatapika begini.

Na tumbo la binadamu halina sheria zake za pekee.

Jambo hili si utani wa vijiweni. Mwaka 1981 madaktari wawili Wamarekani, Paul Auerbach na York Miller, waliliandikia jarida la tiba, The Western Journal of Medicine, kueleza yaliyowapata wakitembea kwenye milima ya Colorado, na wakalipa tatizo jina rasmi la kitabibu. Wao hawakuwa na mjomba. Walifika kwenye hitimisho hilo kwa vyakula vya kawaida.

Kibo watu hulala mapema, kwa sababu usiku wa manane unaamshwa kuanza safari ya kileleni. Chumba ni kimoja, vitanda vya deka, wenyeji na wageni mchanganyiko. Nilipewa kitanda cha juu, na kukipanda tu kulinimaliza pumzi. Nikalala nikiwaza kwamba El Alto, Bolivia, ni mji mkubwa ulio juu ya mita 4,000, na watu wake wanakimbilia mabasi. Wachezaji wa mpira wa nchi nyingine wakienda Bolivia walikuwa wakihema mpaka FIFA mwaka 2007 ikapiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500, ikaja kulegeza baada ya kelele za Wabolivia. Watibeti nao wana jeni waliyorithi inayozuia damu yao isiwe nzito kupita kiasi kwenye hewa hafifu. Sisi tulirithi mapishi.

Nikashtuka gizani. Kitanda cha chini, mjomba alikuwa akikoroma vizuri, halafu akanyamaza. Kimya kabisa. Hakuna pumzi. Nikasubiri. Kisha akavuta hewa kwa kishindo, akahema haraka haraka, akanyamaza tena.

Baadaye nilielezwa kuwa ni kawaida. Mtu akilala juu vile huhema sana akitafuta oksijeni, na kwa kuhema anaipunguza kaboni dayoksaidi mwilini. Sasa ubongo huitegemea hiyo kaboni dayoksaidi kujua lini avute pumzi, ukiona imepungua unatulia, pumzi inasimama sekunde kadhaa mpaka oksijeni ishuke, ndipo anakurupuka. Hayo baadaye. Usiku ule mimi nilijua tu kwamba kaka pekee wa mama yangu anakata roho, na mimi ndiye nitakayekwenda kumweleza mama.

Nikashuka polepole bila taa nisiwaamshe watu. Nikapiga magoti, nikasogeza sikio kwenye mfuko wake wa kulalia. Kimya. Nikasogeza zaidi, huku mkono mmoja nimeegemea sakafuni nikitafuta mahali pa kujishika.

Mahali nilipopata palikuwa na pakiti ya krispi.

Ilipasuka kwa mlio ambao sijausikia tangu nizaliwe. Mjomba akaruka usingizini, na kwa ule mruko, yote aliyoyapandisha kutoka Horombo, yakiwa yametanuka kwa kiwango kamili cha kisayansi, yakapata njia. Mlipuko wa pili ukafunika wa kwanza. Nilikuwa nimeinamia pale pale, msiniulize zaidi.

Chumba kizima kikaamka. Dakika haikupita, ile harufu ikafika upande wa wageni. Mmoja akapiga kelele kwa lugha yao, kiongozi wetu akaipokea mlangoni akaitafsiri kwa sauti kubwa zaidi: "Gesi inavuja! Nje wote! Asiwashe mtu kiberiti!"

Tukatoka. Baridi chini ya sifuri, nyota hizo unaweza kuziokota, na watu wa mataifa manne wamesimama kwenye mawe na soksi. Mpishi akaletwa mbio. Akaapa mtungi umefungwa na uko jikoni. Kiongozi akaunusa mtungi. Akanusa mlango. Akaanza kunusa hewa kidogo kidogo, hatua kwa hatua, akiifuata, watu wakimpisha, mpaka akafika mbele ya mjomba aliyekuwa amejifunika blanketi na uso wa imamu.

"Kijana, unatafuta nini?"

Kiongozi akamtazama. Akamtazama mpishi. Mpishi akatazama chini.

"Hakuna, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Akatangaza hali ni shwari. Hata hivyo, hakuna aliyekubali kurudi ndani. Mlango uliachwa wazi, na kwa kuwa watu wameshaganda na usingizi umekufa, makundi yakaamua kuondoka kabla ya saa. Kiongozi alitupanga mstari mmoja, akamweka mjomba wa mwisho kabisa. Alisema ni kwa heshima ya umri. Kisha akalowesha kidole, akakiinua kupima upepo unatoka wapi.

Mimi nilitapika kwenye pango la Hans Meyer, kama mita 5,150, nikarudishwa. Binamu muuguzi alifika mbele kidogo yangu. Vijana waliokimbia mbele walishikwa na kichwa, wakakaa kwenye kokoto. Mjomba huko nyuma hakuwa na wa kushindana naye wala wa kuzungumza naye, maana hakuna aliyetaka kuwa jirani, akaenda mwendo wake wa kubeba sufuria kubwa: hatua, pumzi, hatua, pumzi. Na dawa ya mwinuko ni hiyo hiyo. Jua lilipochomoza alikuwa Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, peke yake katika ukoo wetu. Cheti anacho.

Tulipofika Moshi, chini ya mita 1,000, maji yanachemka kwenye nyuzi 97. Kwenye mfuko wa mjomba ilikuwa imebaki kilo moja. Akaomba sufuria kwa mama mwenye nyumba tuliyofikia, akapika asubuhi, na kabla ya adhuhuri maharage yalikuwa yameiva, mazito, yanateleza. Akamwalika yule mpishi. Kijana akala, akasifu kwa dhati, akanawa, akavuta pumzi kuanza kueleza habari ya mgandamizo wa hewa.

Mjomba akamwekea mkono begani. "Umeona? Nilijua tangu mwanzo. Sufuria."

Akafungua pochi, akahesabu noti, akampa akanunue nyingine nzuri. Na kijana akazipokea kwa mikono miwili.