Mikopo midogo inakuza biashara kweli, au inaizuia tu isife?

Kuna watu ukiwatajia mikopo midogo tu wanachemka, wanakwambia hiyo ni kausha damu, imefilisi watu, imebeba mpaka makochi ya watu. Afu kuna wale wa upande wa pili, ukiwasikiliza unaweza kudhani kila mama aliyepewa mkopo leo anamiliki kiwanda. Mi nikiangalia naona wote wanabishana kuhusu riba tu, wakati kwa mtu anayetaka biashara yake ikue kinachombana zaidi ni ratiba ya marejesho.

Tuanze na walichopatia wanaoisifu mikopo, maana wamepatia kitu. Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi wa chuo kikuu, mwaka 1976 kwenye kijiji cha Jobra, Bangladesh, alitoa kama dola 27 mfukoni mwake akawakopesha watu 42 waliokuwa wamebanwa na wakopeshaji wa mtaani, na hela ikarudi. Benki ya kawaida haimtaki mtu asiye na hati ya nyumba wala hesabu za maandishi, kwa hiyo kuonyesha kwamba maskini asiye na dhamana anakopesheka halikuwa jambo dogo. Mradi wake wa kukopesha, Grameen, ukawa benki kamili 1983, wakopaji wake wengi mno wakiwa wanawake, na 2006 Yunus na benki yake wakapewa Nobel ya amani. Shida ni kwamba njiani watu waliruka kutoka "maskini analipa" wakatua kwenye "mkopo unaondoa umaskini", na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, mtu anaweza kulipa kila rejesho kwa kuuza vitu vya ndani au kukopa kwa shemeji, na kwenye vitabu vya taasisi akahesabika mteja bora.

Ndo maana tafiti za 2015 ziliwakata watu maini. Zilitoka 6 kwa pamoja, kutoka India, Morocco, Mexico, Mongolia, Bosnia na Ethiopia, na jibu lilifanana karibu kote: mikopo inasaidia kidogo, haibadilishi maisha ya mtu wa kawaida. Ule wa Hyderabad, India, walichukua mitaa 104 wakaigawa nusu kwa nusu kwa bahati nasibu, nusu moja ikapata tawi la mikopo mapema nyingine ikasubiri. Matumizi ya jumla ya familia hayakupanda, elimu na afya vilevile. Kilichoonekana ni watu kununua vitu vya kudumu na kupunguza vile vitumizi vya kujifurahisha, na waliokuwa na biashara tangu mwanzo kuongeza mtaji.

Wapinzani wakifika hapo wanafunga mjadala, lakini hiyo sentensi ya mwisho ndo yenye mambo. Watafiti walirudi kuwaangalia tena watu wa Hyderabad baadaye, mikopo ikiwa imeshakatika, wakakuta waliokuwa na biashara kabla mikopo haijafika bado wako mbele ya wenzao. Walioanzisha biashara kwa sababu tu mkopo umekuja mtaani, hakuna cha maana. Kwa hiyo wastani unaficha, wachache wanapaa na wengi wanabaki palepale, ukijumlisha unapata "kidogo".

Sasa ratiba. Chukua fundi cherehani anayetaka mashine ya pili. Anakopa, ananunua mashine, ila wateja wa hiyo mashine hawajaja bado, kuna kutafuta msaidizi, kuna kumfundisha, kuna kuharibu vitambaa viwili vitatu, na huku wiki ijayo tu afisa mikopo anakaa na kikundi anasubiri rejesho la kwanza. Atalitoa wapi? Ama anatenga sehemu ya mkopo wenyewe kulipia marejesho ya mwanzo, yaani anakopa hela ili airudishe, ama anaachana na mashine ananunua mzigo wa vitambaa auze haraka. Wengi wanachagua mzigo, na hawajakosea, mkopo wa marejesho ya kila wiki umekaa kimzigo, nunua uza rudisha. Biashara inazunguka, familia haikwami, ila ukubwa unabaki uleule miaka nenda rudi.

Na hili limejaribiwa. Kolkata, India, wakopaji wengine walianza kulipa baada ya wiki 2, wengine wakapewa miezi 2 ya kupumua. Waliopumua waliwekeza zaidi na miaka karibu 3 baadaye faida yao ilikuwa juu. Ila walioshindwa kulipa nao waliongezeka, hapo taasisi inakwambia hasara hiyo nani anaibeba, na kwa kweli si swali la kijinga, mkopo mdogo una gharama ya kuufuatilia karibu sawa na mkubwa.

Riba siidharau lakini. Ukiambiwa asilimia 20 kwa mwaka inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, mfano elfu 100 unarudisha elfu 10 kila mwezi kwa miezi 12, gharama halisi ni kama asilimia 35 kwa mwaka, kwa sababu deni linapungua kila mwezi wewe unatozwa kana kwamba unalo lote. Hiyo ingeandikwa wazi kwenye fomu watu wengi wangeiweka kalamu chini kwanza. Na taasisi zikianza kushindana kugawa hela bila kuangalia mtu anadaiwa wapi kwingine inakuwa balaa, kwenye jimbo la Andhra Pradesh, India, 2010 watu walikuwa na mikopo ya taasisi kadhaa kwa mpigo, wengine wakajiua, serikali ya jimbo ikaingilia na ukopeshaji karibu wote ukasimama, hata aliyekuwa analipa vizuri akakosa pa kukopa.

Mi naegemea zaidi walichojaribu BRAC, shirika la maendeleo linalokopesha huko Bangladesh. Mteja mwenye historia nzuri ya kulipa anaruhusiwa kuahirisha marejesho mpaka 2 ya mwezi kwenye mkopo mmoja, anachagua mwenyewe lini. Biashara zao zilifanya vizuri zaidi na walioshindwa kulipa walipungua, hawakuongezeka kama Kolkata, labda kwa sababu hapa nafasi ilienda kwa watu wanaojulikana na hakuna anayetaka kuipoteza. Kwa mteja mpya asiye na historia hii haisaidii, na fundi wetu kama ndo mkopo wake wa kwanza itabidi aanze na mzigo wa vitambaa kama wengine.