Wazee Hawasomi Barua Pepe, na Visingizio Vingine

Mwaka jana tuliwatangazia wafanyakazi, kwa barua pepe na kwenye grupu la WhatsApp, wahakiki majina ya wategemezi wao kwenye bima ya afya. Fomu ya ukurasa mmoja, wiki mbili za kuirudisha, na asiyerudisha angekuta jina la mtoto wake limetolewa kwenye orodha. Wiki mbili zikaisha, fomu zilizorudi hazikufika nusu. Kwenye kikao, kijana wetu wa kitengo, ambaye ndiye anayeshika akaunti zote, akatoa hukumu hata chai haijamiminwa: "Wazee hawasomi barua pepe." Mkuu wa utawala, aliyebakiza miaka miwili astaafu, akamjibu bila kuinua macho: "Na vijana hawasomi chochote kinachozidi mistari miwili." Watu wakacheka, kikao kikaendelea, fomu zikabaki hukohuko ziliko.

Kazi yangu ni mawasiliano ya ndani ya ofisi, na mabishano haya nimeyasikia hadi nimeyachoka. Tofauti za umri zipo, sikatai. Ila tumezigeuza kapu la kutupia kila tulichokuwa wavivu kukichunguza.

Tuanze na majina yenyewe tunayoviita vizazi. "Boomer" ni mtoto wa wimbi la uzazi lililofuata Vita Kuu ya Pili kule Marekani, 1946 hadi 1964. Sisi linatuhusu nini? Kinachomtenganisha mzee wa ofisini kwangu na kijana aliyekaa meza ya pili ni kwamba mmoja alikulia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam na sanduku la posta la shule, na mwingine hajawahi kulamba stempu. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo hata watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, huyu Mkunazini na yule Mbinga, hawakulelewa na chombo kimoja.

Mzee wa masijala alikuwa miongoni mwa wale ambao fomu zao hazikurudi. Nikashuka kumwona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Tangazo alikuwa amelisoma siku ileile niliyolituma. Tiki zake zilikuwa za bluu. Akafungua simu, akaisogeza kwangu. "Kumbukumbu namba iko wapi hapa? Nani amesaini? Na mimi hii naiweka jalada gani?"

Nilidhani ananitania. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha karani mpya, kwamba karatasi yenye kumbukumbu namba ina mwenyewe. Likizuka neno unajua mlango wa kugonga. Ujumbe wa grupu, mtu akiufuta kesho, utamdai nani? Huyu ndiye tuliyemwandika kwenye ripoti kuwa teknolojia imemshinda. Miaka thelathini amekuwa akifukua makabatini barua ambazo watu waliapa hazikuwahi kuandikwa. Ningekuwa yeye nami nisingeigusa ile fomu.

Hiyo ni tofauti ya kizazi, na ina akili ndani yake. Nyingine ni salamu. Kwenye grupu letu, wakubwa wanaona kuingia na tangazo bila "habari za asubuhi, poleni na majukumu" ni kuwavamia watu. Basi salamu inatolewa, inaitikiwa na kila mmoja, na tangazo la bima nikalikuta limebanwa kati ya pongezi za harusi na picha ya maua ya Ijumaa Kareem yenye "Amina" zake zote. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Tulifungua grupu la pili ambalo viongozi pekee ndio wanaoandika, yakaisha. La kwanza tukaliacha liendelee na maua yake, maana nalo lina kazi.

Kisha nikafanya kile ambacho ningepaswa kuanza nacho. Nilichukua orodha ya fomu zilizorudi nikaipanga kwa umri. Sikuona kitu, wa miaka hamsini na wa ishirini na tano walichanganyika kama mchele na chuya. Nikaipanga upya kwa kituo cha kazi, na hapo sikuhitaji hata kupiga hesabu. Makao makuu walikuwa wamerudisha karibu wote. Ghalani na kwa madereva, fomu za kuhesabu kwa vidole. Tangazo lilibeba fomu iliyopigwa skani, faili zito, na kwenye maghala hakuna intaneti ya ofisi wala printa. Niliwauliza madereva wawili, mmoja angeweza kuwa baba wa mwenzake, nikapata jibu lilelile: "Kwa bando langu, bosi?"

Tukaamua kuwatumia SMS. Kijana wetu akauandika ujumbe vizuri kwenye Word, herufi 148, ndani kabisa ya kikomo cha 160 cha SMS moja, akaunakili kwenye mfumo, akatuma. Bili ilipokuja ilikuwa mara tatu ya tulichokadiria. Kikao kikahitimisha kwamba SMS ni ghali, ni anasa ya wazee, tuiache.

Ilinichukua siku nzima kuliona kosa, na lilikuwa ritifaa moja, kile kialama cha kwenye ng'. Fomu zilitakiwa zirudishwe ofisi ya Chang'ombe. Ukiandika Chang'ombe kwenye Word, programu inaipinda ritifaa iwe na mkia kidogo, kama koma iliyopanda juu. Alfabeti ya kawaida ya SMS inaijua ritifaa iliyonyooka. Hiyo ya mkia haimo. Ikiingia herufi moja tu isiyomo, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa herufi ambako SMS moja inabeba 70 basi, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67. Herufi zetu 148 zikawa vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa. Bili ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho, na kwa bili hiyohiyo sahihi tungewanyima madereva SMS miaka mitano.

Ndiyo maana "asilimia ya waliofungua" barua pepe, ambayo mabosi wanaipenda sana kwenye ripoti, siku hizi naitazama kwa jicho la pembeni. Inapimwa kwa kapicha kasikoonekana kanakopakuliwa barua inapofunguliwa. Tangu Septemba 2021 programu ya barua pepe ya Apple inaweza kuzipakua picha hizo yenyewe, mwenye simu awe anasoma au anakoroma. Kwa hiyo bosi mwenye iPhone anahesabika msomaji hodari, na mpakiaji anayesoma tangazo ubaoni kwa kufuatisha kidole hahesabiki popote. Mimi sasa nahesabu fomu zilizorudi, na maswali. Watu watatu wa idara tatu wakiniuliza kitu kimoja, najua niliandika vibaya.

Halafu kuna hili la kupenda takwimu kupita kiasi. Kuna aliyependekeza tutengeneze jedwali la kila mfanyakazi, umri wake, na saa anazosoma jumbe. Tarehe ya kuzaliwa mtu aliitoa kwa ajili ya mafao na bima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililozileta. Nami kabla sijajifanya mwema, nikumbushe kwamba ndiye niliyeipanga orodha ile kwa umri bila kumuuliza mtu. Siku hizi utawala wananipa idadi za makundi, bila majina.

Muda wa fomu uliongezwa wiki moja. Kabla ya kutuma SMS ya pili nilishuka nayo masijala. Mzee akavaa miwani, akachukua penseli. Alinisimulia kwamba alipoanza ukarani ndiye aliyekuwa akiandika telegramu za ofisi, na telegramu ulilipia kwa neno, kwa hiyo bosi wake alikuwa akimkata maneno mbele ya watu. Akaanza kunikata mimi. "Mnakumbushwa wafanyakazi wote kwamba" ikaenda. "Kwa heshima na taadhima" ikaenda, tena kwa mistari miwili. Akaacha "Salaam", akapandisha tarehe ya mwisho juu kabisa, akaweka kumbukumbu namba, na mwisho akaongeza kwamba fomu zilizokwisha kuchapwa zipo kwa mlinzi getini.

Alipofika Chang'ombe akasimama. Nikamweleza habari ya ritifaa. Akanitazama juu ya miwani.

"Sasa unaiandika ya nini? Nani hapa hajui ofisi iko wapi?"

Akaifuta. Fomu ya kwanza kurudi ilikuwa ya kwake, imepigwa muhuri wa IMEPOKELEWA, na nakala yake tayari iko jaladani.