Kila Insha na Jua Lake

Sisi tuliopitia mfumo wa elimu wa 8-4-4 hapa Kenya, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, tunajua insha inavyoanza. Majogoo yanawika, jua linachomoza na kutandaza miale yake, mwandishi anadamka na kushika njia guu mosi guu pili. Iwe insha ya harusi, ya ajali au ya siku ya michezo, jua sharti lichomoze. Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa na daftari lililojaa "mapambo" ya aina hiyo, nasi tukilinakili kila Ijumaa. Aliyeyamwaga mengi kwenye karatasi alipata 36 au 37 kati ya 40.

Anayeshikilia kwamba shule huua ubunifu hana haja ya ushahidi mwingine: watoto hamsini, jua moja. Atakuongezea kwamba watoto hao hao, shule zikifungwa, huunda magari ya waya yenye usukani na magurudumu ya malapa yaliyochakaa, wala hakuna aliyewafundisha. Pengine atakutajia Edward Saidi Tingatinga, aliyesoma miaka michache tu ya shule ya msingi, kisha mwaka 1968 akaanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli. Leo mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake.

Mfano huo wa Tingatinga naupenda, ila unasimuliwa nusu. Jamaa zake waliomfuata walijifunza kwa kuketi naye na kuiga picha zake. Hiyo nayo ni shule, kengele tu ndiyo haipo. Washairi wetu vilevile. Muyaka bin Haji wa Mombasa alizikuta bahari za ushairi, yaani aina zake, zimeshawekwa na waliomtangulia, na tarbia hadi leo inadai mishororo minne kwa kila ubeti, na kwa kawaida mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Kanuni hizo ndizo zinazomsukuma mshairi kutafuta neno ambalo vinginevyo asingelifikiria. Mimi mwenyewe "kupiga moyo konde" nililiokota kwenye lile daftari la Ijumaa, na bado nalitumia bila haya.

Kwa hiyo kunakili hakunitishi. Kinachonitisha ni kalamu nyekundu: inamtuza nani, na inamkata nani.

Tazama yaliyoipata 8-4-4 yenyewe. Ilipoanza mwaka 1985, nia yake ilikuwa kumtoa mtoto kwenye elimu ya vitabu vitupu. Kukawa na sanaa na ufundi, muziki, kilimo, sayansi ya nyumbani. Wazo zuri kabisa. Kisha masomo hayo yakaingizwa kwenye KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na KCPE, ukitoa insha, ulikuwa mtihani wa kuchagua jibu. Ufinyanzi ukaulizwa kwa A, B, C na D! Mtoto ambaye hajawahi kushika udongo aliweza kupata alama zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani ukapunguzwa kutoka alama 700 hadi 500, sanaa na muziki zikatoka, na kila aliyesoma wakati huo anajua kipindi cha somo lisilotahiniwa kilienda wapi. Kilienda hisabati.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ikafanywa bila malipo, na wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Hilo silijutii hata kidogo. Waliokuwa nje walikuwa wakichunga mbuzi na kuuza karanga, si wote waliokuwa wakiunda magari ya waya. Lakini mpe mwalimu mmoja insha sabini za kusahihisha kwa juma. Utangulizi wenye jua na majogoo unasomeka haraka. Mtoto anayeanzia katikati ya kisa anamlazimu mwalimu asimame, afikiri, na saa hiyo hana.

Wapo wanaosema mitihani mikali na ubunifu haviwezi kukaa chungu kimoja. Singapore inawapa taabu. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya 2022, watoto wake wa miaka 15 waliongoza katika hisabati, kusoma na sayansi, na waliongoza pia katika fikra bunifu, ilhali nchi hiyo ina mtihani mzito wa kumaliza shule ya msingi. Hata hivyo Hong Kong na Macao, zinazong'ara katika hisabati, hazikung'ara hivyo katika ubunifu. Ukali wa mtihani peke yake, basi, hauelezi kitu.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa tuna mtaala wa umilisi, yaani wa kutazama mtoto anaweza kufanya nini, na ubunifu umetajwa waziwazi miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Naukubali mtaala huu kuliko wazazi wengi ninaowasikia wakiunung'unikia kwenye matatu, ingawa nimeona miradi ya watoto iliyokatwa na kugundishwa na mama saa nne za usiku. Wasiwasi wangu uko kwenye viwango vyake vinne, vinavyopima kama mtoto amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Matarajio ya nani? Jambo bunifu kwa kawaida ni lile ambalo hakuna aliyelitarajia, na mwalimu aliyelelewa na daftari la mapambo atalipima kwa kipimo alichorithi.

Mpwa wangu yuko gredi ya sita. Juzi alirudi na insha ya safari ya kwenda kwa nyanya yake. Mwanzo wake ulikuwa: "Basi lilituacha." Nilicheka kwa furaha. Pembeni, kwa wino mwekundu, paliandikwa: "Utangulizi uko wapi?" Akaketi kuiandika upya, kisha akaniuliza jua alichomoze wapi, maana basi lenyewe lilikuwa la saa tatu usiku.