Mishororo sita ya kumkomesha Zeus

Usiku, mvua ya mawe inapiga, na mwanamume yuko njiani kwenda kwa mpenzi wake, pengine kalewa. Anainua uso na kumkabili Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki: mwaga theluji, tia giza, washa radi, tikisa mawingu yako yote. Ukiniua nitakoma. Ukiniacha hai nitakwenda tu, hata unitende mabaya kuliko haya, maana anayenikokota ni yule mungu anayekutawala hata wewe, uliyemtii siku ile ukapenya kama dhahabu kwenye vyumba vya shaba.

Basi, shairi limekwisha. Ni mishororo sita ya Asclepiades wa Samos, aliyeandika yapata mwaka 300 KK. Danae, msichana aliyefungiwa kwenye vyumba hivyo, hatajwi. Baba yake, aliyemfungia kwa kuogopa utabiri kwamba mjukuu atakuja kumuua, hatajwi. Perseus, mtoto aliyezaliwa kwa ile mvua ya dhahabu, wala hanusi humo. Dhahabu na shaba tu, mengine msomaji alikuwa nayo kichwani tangu utotoni.

Ndiyo maana hunikera nikisikia kwamba visasili katika mashairi mafupi ya Wagiriki wa kale ni mapambo. Hebu viondoe vile vyumba vya shaba uone kinachobaki: mlevi anayegombana na mvua. Kisasili ndicho hoja yenyewe. Jamaa anambana mungu kwa matendo yake mwenyewe, kama wakili anavyomsomea shahidi maneno yake ya jana. Wewe pia ulitumwa na Eros, mungu wa mapenzi, leo unanipigia radi kwa kosa gani?

Sisi mbinu hii tunaijua. Ukisema "hata ungekuwa na mali ya Karuni", huanzi kusimulia jinsi ardhi ilivyommeza na hazina zake. Ukimwita mtu Firauni, bahari inakuja yenyewe. Kwa hiyo nikifungua tafsiri nikakuta mishororo sita juu na maelezo ishirini chini, nayaruka kwanza. Nitayarudia baadaye, kama mtu anayeuliza kichekesho kilimaanisha nini.

Si wote waliokuwa na mkono mwepesi hivyo. Eros na mishale yake amejaa kila kona, na Meleager wa Gadara, ambaye karibu mwaka 100 KK alikusanya mashairi ya wenzake akakiita kitabu Shada, hunichosha kwa mishale hiyo. Ila ana moja ninalolipenda, ambamo anataka kumpiga mnada Eros angali amelala kifuani kwa mama yake. Ana mabawa, anaparura, analia huku anacheka. Mfanyabiashara yeyote anayesafiri na aje amnunue. Kisha mtoto anaangua kilio, na muuzaji analegea: haya, siuzi, kaa hapa na Zenophila, mpenzi wangu. Na mama wa mtoto huyo ni Aphrodite, mungu wa urembo!

Linalonikaa zaidi lakini ni la Sappho wa Lesbos, aliyewatangulia kwa karne nyingi. Lake ni wimbo, mishororo kumi na miwili. Ngozi imezeeka, nywele zilizokuwa nyeusi zimekuwa nyeupe, na magoti yaliyocheza kama ya mtoto wa paa hayambebi tena. Nifanye nini? Binadamu hawezi kukwepa uzee. Ndipo anapomtaja Tithonus, kijana mzuri aliyebebwa na mungu wa Alfajiri hadi mwisho wa dunia, na uzee ukamkamata hukohuko, ingawa mkewe hafi.

Katika mafunjo ya Cologne, yaani karatasi za kale zilizoko Ujerumani, yaliyochapishwa mwaka 2004, wimbo unakomea hapo. Kipande kingine, cha Oxyrhynchus nchini Misri, kilichochapishwa 1922, kina mishororo zaidi baada ya hapo, na wataalamu wanabishana kama ni ya wimbo huohuo. Mimi niko upande wa ule mfupi. Mke ni Alfajiri: kila siku anaamka mpya, na mzee yuko palepale kitandani.