Skani imetoka safi, kichwa bado kinauma

Jirani yetu mmoja hapa Kisumu alishikwa na kichwa akiwa ameinama kuinua ndoo ya maji. Hakikuwa kichwa cha malaria, kinachokuja polepole na kibaridi chake. Alisema ni kama mtu amempiga rungu kisogoni. Akatapika, shingo ikakaza. Akanunuliwa dawa ya maumivu dukani, kesho yake akapimwa malaria, na siku hiyo jioni ndipo akafikishwa hospitalini. Skani ya kichwa ikatoka safi. Daktari akasema bado anataka kutoa maji ya uti wa mgongo, na mume akasimama katikati ya kitanda na daktari: "Wanaotobolewa mgongo hawarudi nyumbani."

Nilikuwapo. Hofu ya yule mzee haikuwa ya kijinga, na swali lenyewe hata madaktari wamelibishania miaka mingi: skani ikiwa safi, sindano ya nini?

Ugonjwa unaoogopwa ni damu kumwagika chini ya utando wa araknoidi, pale maji ya ubongo yanapopita. Kama hakuna ajali, karibu asilimia 85 ya visa hivi hutokana na anurizimu, yaani ukuta wa mshipa uliolegea ukavimba kama kiputo, kisha ukapasuka. Ukishapasuka unaweza kupasuka tena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Kumwambia mgonjwa huyu kwamba ana kipandauso na kumrudisha nyumbani ni kumrudisha na mshipa ulio wazi.

Wanaosema sindano haihitajiki wana ushahidi mzito. Mwaka 2011 daktari Perry na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 11 za Kanada, wagonjwa 3,132. Kati yao 953 walipigwa skani ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, na wote 121 waliokuwa wakivuja damu walionekana. Skani haikukosa hata mmoja. Baada ya saa 6 uwezo huo ulishuka hadi asilimia 85.7, kwa sababu damu mbichi huonekana nyeupe kwenye picha, lakini kadiri saa zinavyopita maji ya ubongo huichanganya na kuififisha. Ndiyo maana mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, uliotoka Novemba 2022, unasema skani iliyopigwa ndani ya saa 6 ikiwa safi, maji yasitolewe kama jambo la kawaida. Nakubaliana nao. Sindano ina adha zake: kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa baadaye, na ikigusa kimshipa njiani, damu inayotoka huchanganya kila mtu.

Lakini hizo saa 6 ni za nani? Mtu wa Usenge au Mbita, huko kando ya Ziwa Victoria, huzimaliza kabla ya kuona geti la hospitali yenye skani: bodaboda hadi zahanati, barua ya rufaa, kusubiri gari, kuchanga pesa. Kisha skani zile za Kanada zilikuwa za kisasa na zilisomwa na watu waliobobea katika kusoma picha za kichwa. Ikisomwa saa tisa usiku na daktari kijana aliye peke yake zamu, ile asilimia 100 si yake.

Na kuna jambo dogo linalonikosesha usingizi. Saa yetu na saa ya Kiingereza zinapishana kwa saa 6 kamili. Mgonjwa aliyeshikwa usiku wa manane anaulizwa kichwa kilianza lini, anajibu, "Saa nane." Karani anaandika 8 asubuhi. Skani inapigwa adhuhuri. Kwenye faili zimepita saa 4, kanuni inasema sindano haina haja. Kichwani mwa mgonjwa zimepita saa 10. Sista mmoja mzee alikuwa na dawa ya hili: hakuuliza saa, aliuliza jua lilikuwa wapi, na jogoo walikuwa wamewika au bado.

Kwa hiyo kwa wagonjwa wetu wengi naona sindano bado ina kazi, na hapa kwetu ina sababu ambayo mjadala wa Kanada haukuhitaji kuipima sana. Virusi vya Ukimwi bado vimeenea Nyanza, na maji yaleyale yanayoonyesha damu ndiyo yanayofichua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa kriptokoka. Skani ya mishipa yenye dawa ya rangi husaidia, ila karibu watu wazima 3 katika 100 wana anurizimu ambayo haijawahi kupasuka, kwa hiyo kuiona si kuthibitisha kwamba ndiyo iliyovuja.

Yule mzee hakushawishiwa na takwimu. Kweli alishaona watu wakifa baada ya kutobolewa, lakini wengi huletwa homa imeshawamaliza, na lawama hubaki kwa sindano. Sista alimgeuza, akamgusa kiunoni juu kidogo ya mkanda: "Baba, inaingia hapa. Uti wenyewe, ule wa neva, umeishia huku juu." Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo. Alikuwa amepewa tu fomu ya Kiingereza aitie sahihi.

Akatia. Daktari hakuhitaji kusubiri: saa 12 tangu kichwa kianze zilikuwa zimeshapita kwa hakika, na chembe za damu iliyovuja huhitaji muda huo kuvunjika na kuacha rangi ya njano. Maji yalidondoka tone kwa tone katika vichupa vinne. Cha kwanza kilikuwa na wekundu. Kama ni sindano iliyojeruhi, wekundu ungepungua kichupa baada ya kichupa. Haukupungua. Maabara wakazungusha kichupa kimoja kwenye mashine hadi chembe zikatuama chini, wakakisimamisha mbele ya karatasi nyeupe kando ya kichupa cha maji ya kawaida. Juu ya zile chembe, maji yalikuwa ya njano.