Ihefu: lawama kwa ng'ombe, maji kwenye mabanio

Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu hukatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko na mamba wakibanana kwenye madimbwi yanayogeuka tope. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji kwenye bonde la Usangu, mto unakopitia kabla ya kufika hifadhini, kwa lawama kwamba ng'ombe wao wanaukausha, wakasukumwa na mifugo yao hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 ardhioevu ya Ihefu ikaingizwa hifadhini.

Hoja ya kuwaondoa ina uzito. Makundi makubwa hushindilia udongo, humaliza malisho ya nyati, na moto wa kuchipusha nyasi hufika kwenye matete. Mazizi hayafai katikati ya kinamasi.

Lakini kusema ng'ombe ndio waliokausha mto ni kuruka hesabu. Tuseme kila ng'ombe anakunywa lita 40 kwa siku, na wako 200,000. Hizo ni lita milioni 8 kwa siku, sawa na lita 93 hivi kwa sekunde. Sasa tazama upande wa pili: wataalamu wa maji waliopima Usangu walikuta kwamba ili lita 500 kwa sekunde zitoke Ng'iriama, mahali maji yanapotokea Ihefu, wakati wa kiangazi, sharti ziingie Ihefu lita 7,000 kwa sekunde. Sita na nusu kati ya kila saba hupotelea njiani. Ihefu ni kama sinia pana lenye kizingiti cha mwamba pale maji yanapotokea. Jua na matete huchukua sehemu kubwa, na kina kikishuka chini ya mwamba, hakivuki kitu hata kama kinamasi bado kimejaa ndege.

Basi maji yanayopungua ni yale ya juu, kwenye mabanio ya mpunga, yaani vizuizi vinavyogeuza maji ya mto kuingia mifereji ya mashamba. Masika mto unatosha wote. Shida huanza baada ya mavuno: mpunga umeshatoka shambani, mfereji bado unatiririka. Vijiji vya kandokando huchota humo maji ya nyumbani, wengine hufyatua tofali na kumwagilia bustani, na kabla ya mvua huanza vitalu vya mapema kwa kufuata bei nzuri. Ndoo chache husafirishwa kilomita kadhaa kwenye mfereji wa udongo, na maji mengi huishia ardhini au kwenye majaruba matupu. Banio la mawe na miti halina hata mlango wa kufunga.

Mkulima wa Mbarali, wilaya ya mashamba hayo ya Usangu, naye asigeuzwe adui mpya. Kumfungia banio bila kumchimbia kisima ni kumnyima maji ya kunywa, naye atalifungua usiku. Kisima kitangulie, mlango wa chuma ufuate, kisha ufungwe mara mavuno yakiisha.

Mwaka 2017, miaka kumi baada ya operesheni ile, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kikosi kazi cha kuunusuru mto uleule. Kipimo cha kazi hiyo kiko Ng'iriama, mwezi Oktoba, kwa lita zinazovuka mwamba.